Jino la Juu la Kaka Yangu

Kalasinga aliyenifundisha kazi ya redio hakuyaamini masikio ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe. Mwenye gari akifika pale gereji yetu Nakuru na kusema spika imekufa, yeye alitikisa kilemba chake polepole.

"Wewe hapana sema nakufa," alimjibu. "Kwanza tafuta sauti napotea wapi."

Sauti, alinieleza, hutembea kama maji ya mfereji. Hunaswa na eriali, huingia kwenye redio, hupita valvu, zile taa ndogo za kioo, moja hadi nyingine ikizidi kunenepa, mpaka ifike kwenye spika ikiwa na nguvu ya kutikisa karatasi. Ndiyo, karatasi. Watu wengi hawajui kwamba kile kinachoimba ndani ya gari la Mzungu ni karatasi tu iliyokunjwa kama faneli, na katikati yake kuna koili ndogo ya waya inayocheza kwenye sumaku bila kugusa popote. Ikigusa, hata kwa unene wa unywele, sauti inakuwa ya mtu anayekabwa koo.

Lakini sauti ya kukabwa inaweza pia kutoka mbali, kwenye valvu iliyochoka au waya uliolegea, na spika ikasingiziwa bure. Ndiyo maana tulikuwa na sikio. Hilo ndilo jina tulilokipa kidude fulani kilichotolewa kwenye simu kuukuu, chenye nyaya mbili na sindano kwenye ncha zake. Unakibana sikioni, unagusisha sindano ndani ya redio, unasikiliza. Hapa sauti ni safi? Songa mbele. Hapa je? Songa tena. Pale inapoanza kukoroma, umefika nyumbani kwa ugonjwa. Spika yenyewe tuliipima kwa betri moja ya tochi. Ukigusisha waya na kuachia, spika nzima hujibu "tok", kama mtu aliyebisha hodi kwa adabu. Mgonjwa hujibu "krrr".

Niliipenda kazi ile kuliko chakula. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nikaja mjini na shati moja, na katika mwaka wangu wa pili pale gereji nilikuwa tayari nimejenga duka langu kichwani. Lilikuwa na bati la rangi ya samawati na spika kubwa mlangoni, na kila nilipoiwasha, heroe wote wa ziwani waliruka. Kalasinga aliniambia ndoto zangu zinakula umeme mwingi kuliko redio. Nilicheka. Siku hizo nilicheka ovyo.

Kisha kaka yangu akanyamaza.

Alikuwa amejiunga na jeshi, lori likamchukua kwenda kambini Gilgil, na baadaye meli ikampeleka ng'ambo, kwenye misitu ya huko Asia kupigana na watu ambao sisi hatukuwa na ugomvi nao. Mwanzoni salamu zilikuja kupitia kwa wenzake. Halafu hazikuja. Halafu akarudi askari mmoja wa shamba jirani, mguu umefungwa bendeji, akasema kule wamezika mtu wa kwetu. Hakumwona huyo mtu. Aliambiwa na mpishi wa jeshi. "Mkipsigis mmoja kutoka mashamba ya Rongai," ndivyo mpishi alivyosema, basi.

Mama yangu alikuwa akiishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, katika shamba la Mzungu upande wa Rongai, ambako sisi wawili tulizaliwa. Baba alikuwa amefariki zamani. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, mzee mrefu asiyependa maneno mengi. Kwetu mtu akifa, mama yake hunyolewa nywele, na maiti huachwa aende zake. Asiponyolewa mtu, marehemu hukaa mlangoni. Haingii wala haondoki, na watoto wa nyumba ile huanza kuugua. Baba mkubwa aliyajua haya, na mjukuu wake mmoja alikuwa ameshaanza kukohoa.

"Mke wa ndugu yangu," alimwambia mama nikiwepo, "mimi sifurahii."

"Najua hufurahii."

"Basi tumalize. Jumapili ijayo, asubuhi."

"Nikinyolewa," mama alisema, "nitakuwa nimemuua mimi."

Baba mkubwa alitoa wembe wake wa kunyolea, akaufunga upya kwenye kitambaa chake, akauweka juu ya dari pale pale nyumbani kwa mama. Ulikaa hapo tangu siku hiyo. Mama alipika chini yake na kulala chini yake.

Nilirudi mjini nikiwa sina mwili. Nakumbuka nilisimama kwenye daraja la reli nikawa natazama ziwa, na lile duka langu la samawati halikuja kichwani hata nilipoliita.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa napima redio, sikio langu limebanwa, nikasikia mtangazaji wa Nairobi akisema kwamba Jumamosi alasiri askari wetu walioko ng'ambo watatuma salamu kwa sauti zao wenyewe, kwa Kiswahili, na wiki hii ni zamu ya vijana wa Bonde la Ufa. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Nikamkimbilia Kalasinga.

Hakuruka. Aliweka chini koleo lake.

"Nasikia pole kwa wewe," alisema. "Lakini jua moja. Ile sauti hapana toka huko siku ileile. Iko kwenye sahani, kama sahani ya gramafoni. Wao natengeneza mwezi nyingine, halafu ndege naleta."

"Mwezi gani?"

"Nani najua?"

Nilielewa. Kaka yangu angeweza kusema hamjambo kwenye sahani, kisha akazikwa, na sahani ikafika salama. Sauti yake isingethibitisha kitu. Lakini baba mkubwa hakujua habari za sahani, wala mama. Kwao sauti ya mtu ni pumzi yake. Ingesikika pale laini Jumamosi, mbele ya watu, na wembe ungeondoka darini. Nikaamua nitaimeza hiyo sahani peke yangu.

Redio nayo ilipatikana kama kwa maombi. Lile gari la kijivu la Mzungu wa shamba letu lilikuwa pale pale gereji, kwa sababu spika yake ilikuwa inakohoa kila gari lilipopita kwenye mashimo. Niliifuata sauti na sikio langu hatua kwa hatua, nikakuta waya mmoja umelegea nyuma ya redio. Nikauchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Nikagusisha betri ya tochi: tok. Kalasinga mwenyewe aliigonga dashibodi kwa ngumi, na sauti haikutetereka.

Dereva wa shamba alikuja kulichukua gari Jumamosi mchana. Alikuwa Mswahili wa mtaa wa Bondeni, mwenye kofia ya viua, mtu wa mizaha. Mzungu wake angeshuka kwenye treni Rongai jioni na ilikuwa lazima amkute stesheni. Nilimweleza shida yangu huku nikiwa nimeshika mlango wa gari, asije akaondoka.

"Mwanangu, unataka niegeshe gari la bwana katikati ya kuku?"

"Kidogo tu, mzee. Mpaka kaka aseme."

"Na bwana akijua?"

"Nitasema nilikuwa najaribu redio njiani. Ndiyo kazi yenyewe, lazima redio ijaribiwe gari likiwa barabarani."

Alinitazama. "Mama yako ana watoto wangapi?"

"Sisi wawili."

"Ingia," alisema. "Na ufute viatu."

Njiani redio iliimba vizuri sana. Magitaa yalilia mpaka dereva akawa anapiga usukani kwa vidole. Mashamba ya pareto yalikuwa meupe pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza tangu yule askari mwenye bendeji, nilithubutu kupumua mpaka chini.

Pale laini watu walikuwa wameshakusanyika, maana nilikuwa nimetuma habari. Baba mkubwa aliketi kwenye kigoda chake mbali kidogo, mikono juu ya fimbo. Mama alisimama mlangoni amevaa shuka lake safi. Hakuniuliza habari za safari. Aliuliza, "Atatokea wapi?"

Ndipo nilipopata wazo lililonipendeza. Spika ya gari lile ilikuwa imefungwa chini ya dashibodi kwa nati mbili tu. Nikaifungua, nikaiunga kwa waya mrefu, nikaitoa nje na kuiweka juu ya kigoda mbele ya mlango wa mama, karatasi yake ikitazama watu, ili kila mmoja asikie. Jua lilikuwa kali. "Atatokea hapa," nilimwonyesha mama. "Hapa katikati."

Aliinama akaiangalia muda mrefu. "Mlango mdogo hivi," alisema.

Nikaenda na dereva nyuma ya nyumba kutundika waya wa eriali juu ya mti, kwa maana fimbo ya eriali ya gari peke yake haikunasa vizuri pale bondeni. Tulichelewa kidogo. Mti ulikuwa na miiba, na dereva alinipa shauri kutoka chini bila kuniazima hata mkono. Nilipoteremka nikaingia garini na kuwasha redio.

Ilikuwa kama fisi amefungwa ndani ya debe.

Mtangazaji alikuwa anasema, hilo nililijua, lakini hakuna neno lililotoka zima. Sauti ilikwaruza, ikazama, ikatetemeka, ikawa matope. Watoto walicheka. Mtu mmoja akauliza, "Ni lugha ya huko ng'ambo?"

Nilipunguza sauti. Ikakoroma kwa chini. Nikaongeza. Ikakoroma kwa juu. Nikadhani ni betri imechoka, nikamwomba dereva awashe injini. Sauti ilibaki vilevile na juu yake ikaja ngurumo ya injini. "Zima, zima!" Nikadhani ni waya mrefu nilioongeza, nikaukagua mkono kwa mkono kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Mzima. Nikadhani ni ule waya niliouchomelea umeachia kwenye mashimo. Nikalala chali chini ya dashibodi nikauvuta. Haukuachia.

"Injinia," dereva alisema taratibu kutoka dirishani, "saa inakwenda."

"Nyamaza, mzee, tafadhali."

"Nimenyamaza."

Salamu zilikuwa zimeshaanza. Niliweza kusikia kwamba watu wanapokezana, sauti hii nzito, ile nyembamba, lakini ni nani, wa wapi, hapana. Kila mmoja aliyekoroma pale juu ya kigoda angeweza kuwa yeye. Niliona wanawake wanamtazama mama, na mama anaitazama spika, na kila mara sauti mpya ilipoanza alisogea hatua, kisha akarudi.

"Ni huyu?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Huyu je?"

"Sijui!"

Sikuwahi kumpigia mama kelele kabla ya siku ile. Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa nimelala chali ndani ya gari la Mzungu, machozi yakiingia masikioni. Nikasikia kichwani sauti ya Kalasinga: tafuta sauti napotea wapi. Nikatoa sikio mfukoni.

Niligusisha sindano mwanzoni, mbali kabisa na spika. Safi. Ndogo, lakini safi. Nikasonga. Safi. Nikafika valvu ya mwisho, pale sauti inapotoka kwenda nje. Safi kama maji ya mlimani: askari fulani alikuwa anamsalimu shangazi yake wa Njoro na kuuliza habari za ng'ombe mwekundu. Kwa hiyo sauti ilikuwa nzima njia yote. Ugonjwa ulikuwa kwenye spika yenyewe, ile niliyoipima kwa mkono wangu, iliyoniambia tok.

Nikaruka nje, nikapiga magoti mbele ya kigoda, nikaiinua.

Karatasi ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imelegea kama jani lililopikwa, na katikati, juu kabisa ya koili, palikuwa na alama ya kidole gumba kilichobonyezwa kwa nguvu. Nikanusa. Siagi. Siagi yetu, ile ya kibuyu, yenye harufu ya moshi na maziwa ya zamani.

Nikainua macho. Mama alikuwa ameshika kibuyu kidogo kifuani.

Kwetu mtu akitoka vitani haingii nyumbani kavukavu. Mama yake humngoja mlangoni, humpaka siagi kwenye paji la uso kwa kidole gumba, ndipo anavuka kizingiti. Nami nilikuwa nimemwonyesha mama mahali mwanawe atakapotokea. Hapa, nilimwambia, hapa katikati. Nilipokuwa mtini, yeye alimpaka. Alimpaka vizuri, bila ubahili, na jua likafanya yaliyobaki. Karatasi ilinyonya siagi ikawa nzito, na koili ikasukumwa kando ikawa inasugua sumaku.

"Imekuwaje?" mama aliuliza. "Imeharibika?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Baba mkubwa pia.

"Ni vumbi," nilisema. "Vumbi la njiani."

Spika ya namna ile huwezi kuiponya ukiwa umepiga magoti kwenye mavumbi. Hata Kalasinga angehitaji karatasi mpya na siku nzima. Nikarudi garini nikitambaa, nikabana sikio, nikarudisha sindano kwenye valvu ya mwisho. Umeme ukanichapa mpaka begani. Nikarudisha tena.

Na mtangazaji akataja jina la kaka yangu. Namba yake, jina lake, jina la baba yetu, Rongai.

Kulikuwa na sikio moja. Kati yangu na mama, mimi ndiye niliyejua Kiswahili. Mama alijua cha kununulia chumvi tu, na askari waliamriwa waseme Kiswahili. Kama ningebaki nalo, ningesikia maneno yote, ningemtafsiria, ningejua kama anaumwa, na anarudi lini. Kama ningempa yeye, maneno yangepotea. Lakini wembe haukuwekwa darini kwa ajili ya maneno. Wembe ulikuwa unangoja sauti.

"Mama! Njoo! Njoo upesi!"

Alikuja mbio. "Kiti cha ngozi!" dereva alipiga yowe, maana mikono ya mama yote ilikuwa siagi, kisha mwenyewe akavua koti lake akalitupa juu ya kiti. "Kaa, bi mkubwa, kaa, kaa!"

Nilimbana lile sikio sikioni mwake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikashikilia sindano ndani ya redio. Kwa jinsi nilivyojikunja sikuweza kusikia kitu. Niliuona uso wake tu, kutoka chini. Macho aliyafumba. Midomo ilifunguka kidogo. Umeme ulinichapa tena, sikuachia.

Kisha akafumbua macho. "Amemaliza," alisema.

Baba mkubwa alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari. Aliinama kwa shida.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Kiswahili chenu."

Baba mkubwa akanigeukia. "Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia jina lake likiitwa."

"Sikuulizi jina. Jina huitwa hata la marehemu. Sauti uliisikia?"

"Hapana, baba."

Alimrudia mama, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mama yeyote akipewa chuma sikioni atamsikia mwanawe ndani yake. Sikulaumu. Lakini utajuaje ni yeye?"

Mama alishuka garini. Alijifuta mikono kwenye shuka, taratibu, upande huu, upande ule.

"Amepoteza jino," alisema.

"Jino?"

"Maneno yanavuja. Yanapita hapa mbele kama upepo kwenye ua."

"Meno ya mbele tulimng'oa sisi wenyewe, kama vijana wote."

"Yale ni ya chini," mama alisema. "Sauti ya mtu aliyeng'olewa ya chini naijua, hata wewe unaongea hivyo. Hili ni la juu. Hakuondoka hapa bila jino la juu. Nyinyi mnadhani ningetunga jino?"

Hakika, nani angetunga jino? Baba mkubwa alisimama akiitazama ile spika iliyokuwa bado inakoroma peke yake juu ya kigoda. Kisha aliingia nyumbani kwa mama, tukasikia anapapasa dari, akatoka na kitambaa chake mkononi.

"Nitautunza mimi," alisema. "Akirudi na pengo hilo la juu, nitaulaani mdomo wangu. Asiporudi mpaka mavuno, tutazungumza tena."

Dereva aliondoka kwa kasi iliyopeperusha kuku, mimi nikiwa kando yake na spika mapajani. Tulifika barabara kubwa. "Bwana akiuliza mbona redio haiimbi?" hatimaye aliuliza. "Mwambie fundi bado hajamaliza," nilisema. Alinishusha njia panda, nikatembea na spika yangu mpaka nikapata lori la kurudi mjini.

Kalasinga aliipokea, akainusa. Akanitazama mimi, akainusa tena.

"Hii nani napaka?"

Nikamweleza. Aliigeuzageuza. "Mama yangu pia," alisema mwishowe, "napaka mafuta gari mpya, nasema Mungu saidia." Akachukua karatasi mpya kwenye rafu, akaanza kuibadilisha kwa mikono yake mwenyewe, na hakunituma nimshikie hata taa.

Miezi iliyofuata siipendi kuikumbuka. Watu walinipongeza kwa ajili ya kaka yangu, nami kila aliponipongeza mtu niliiona sahani nyeusi inazunguka. Sauti, naam. Lakini ya lini? Mama alikuwa ameanza kula vizuri, akawa anacheka, akapamba kibuyu kipya kwa shanga, na mimi ndiye peke yangu, nilidhani, niliyejua kwamba furaha yake imesimama juu ya kitu ambacho hata mtu aliyekufa anaweza kukiacha nyuma. Usiku nilitaka kumwambia, asubuhi sikuweza. Mahindi yalipukutika maua, yakabeba, yakaanza kukauka. Baba mkubwa hakusema neno, lakini nilipokwenda kuwatembelea nilimwona anavyoyatazama mashamba.

Habari zililetwa na dereva, ambaye alizisikia stesheni: kikosi kimeshuka Mombasa, kinapanda kwa treni. Tulikwenda Nakuru stesheni sote watatu. Mama alikuwa na kibuyu chake chini ya shuka. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti lake la baraza. Treni iliingia, askari wakaanza kumwagika, mmoja, kumi, wengi, wote kofia zilezile, na kila uso usiokuwa wake ulinitia kisu. Watu walikumbatiana kutuzunguka. Jukwaa likaanza kupungua.

Halafu mtu akanishika shingo kutoka nyuma, kama alivyokuwa akinishika tangu nikiwa mdogo.

Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi zaidi, na alikuwa yeye. Alicheka. Na mimi, badala ya kumkumbatia, nilimtazama mdomoni. Meno ya juu yalikuwa yote, meupe, yamepangana kama punje za hindi.

"Unaangalia nini, mjinga wewe?" kaka aliniuliza.

Nilimgeukia mama. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, anazibua kibuyu, na hakuinua macho.

"Mama," nilimnong'oneza. "Jino."

"Kile chuma chako kilikuwa na nyuki tu," alinijibu kwa sauti ya chini, upesi upesi. "Nyuki ndani ya mtungi, anaongea Kiswahili. Angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote. Na wembe ulikuwa darini. Ulitaka nisemeje?"

Miezi yote ile nilikuwa nimemlinda asijue habari za sahani, kumbe yeye hakuwa na hata hiyo sauti ya sahani. Alikuwa na jino alilolitunga, na juu yake alikaa, akala, akacheka, akafuma shanga, ili mimi nisihangaike.

Baba mkubwa alikuwa amefika. Alimshika kaka kidevu, akakiinua kwenye mwanga, akatazama. Alitazama kwa muda. Kisha akamtazama mama.

Mama alisimama na siagi kidoleni. "Limeota," alisema.

Kaka alitutazama mmoja mmoja kama watu tuliopatwa na wazimu. Midomo ya baba mkubwa ilianza kucheza. Aliangalia kando, akaangalia reli, akavuta pumzi.

"Meno ya jeshi," alisema, "huota upesi."

Na yule mzee asiyependa maneno akacheka mpaka fimbo ikamwanguka, akacheka mpaka akalia, huku mama akimbonyeza kaka kidole gumba kwenye paji la uso, katikati kabisa, kwa nguvu ileile niliyoiona kwenye spika.